Bei ya Kutupa

Maelezo haya yalisomwa redioni katika kipindi chetu cha kila wiki. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuyasikia.

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu akanituma Kariakoo. Kijana huyu ana kibanda cha gemu mtaani kwetu: televisheni tatu, mashine tatu za PlayStation 2, mabenchi mawili na feni moja. Vijana wanalipa kwa mchezo, na anayefungwa anampisha mwenzake. Kwa kazi hiyo analipa kodi ya chumba na ada ya shule ya mdogo wake. "Mjomba," aliniambia, "ukipita Kariakoo niangalizie pedi mbili na memori kadi. Lakini usikubali bei ya kwanza."

Nilizikuta katika duka dogo, zimerundikwa ndani ya beseni mlangoni kama nyanya za jioni. Muuzaji hakunipa hata nafasi ya kubembeleza. "Mzee wangu, mashine za hizi hazitengenezwi tena. Chukua pedi mbili kwa bei ya moja, kadi mbili kwa bei ya moja, mimi nafunga hesabu." Nikalipa, nikaondoka najiona mjanja. Pedi zilikuwa nzima. Kadi moja nayo ilikuwa nzima. Ya pili ilipokea kila kitu jioni, na asubuhi haikukumbuka lolote. Mpwa wangu alicheka tu. "Ndiyo bei ya kutupa hiyo, mjomba. Nusu anatupa muuzaji, nusu unatupa mwenyewe."

Maneno hayo yamenikaa kichwani, kwa sababu katika historia ya michezo ya video liko tukio moja ambalo bei ya kutupa ilitimia kama ilivyotamkwa. Bei ilishuka, ikashuka tena, hata bidhaa yenyewe ikapakiwa kwenye malori, ikatupwa shimoni na kumwagiwa zege. Ningependa tulitazame tukio hilo leo, maana ndani yake limo jibu la swali linalomhusu kila mnunuzi: kitu kikiuzwa rahisi, ni nani hasa aliyelipa?

Tuanzie Marekani, mwaka 1977. Mwezi Septemba wa mwaka huo kampuni ya Atari ilianza kuuza mashine ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Atari 2600. Bei yake ilikuwa dola 199. Picha zake zilikuwa vibonge vya rangi vinavyorukaruka kwenye kioo cha televisheni, lakini mashine hiyo ilikuwa na tundu, na utajiri wote ulikuwa katika tundu hilo. Mnunuzi alichomeka kaseti akacheza. Akiichoka, akaichomoa na kuchomeka nyingine. Mashine ilinunuliwa mara moja, kaseti zilinunuliwa kila siku.

Wengine nao waliliona tundu. Mwaka 1979 waandishi wanne wa programu za Atari, ambao majina yao hayakuwa yakitajwa kwenye kazi zao, waliondoka na kushiriki kuanzisha kampuni ya Activision. Atari iliwashtaki, lakini mwaka 1982 kesi ilimalizika kwa maelewano, na tangu hapo mlango ukawa wazi. Mtu yeyote aliyeweza kutengeneza kaseti ya kuingia katika tundu lile akajitosa. Hata kampuni ya Quaker Oats, ile ya uji wa shayiri, ilifungua tawi la michezo ya video. Ukiona muuza uji anatengeneza gemu, ndugu msikilizaji, jua kwamba sokoni pana fedha nyingi na akili kidogo.

Atari yenyewe haikubaki nyuma katika pupa hiyo. Mwaka 1982 ilitoa kaseti ya Pac-Man. Ilinunuliwa kwa mamilioni, lakini walionunua walilalamika kwamba haikufanana na ile waliyoizoea kwenye kumbi za michezo. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatoa kaseti ya E.T., iliyotokana na sinema ya Steven Spielberg. Mwandishi wake, Howard Scott Warshaw, alipewa wiki tano tu ili iwahi sikukuu ya Krismasi, wakati kazi ya namna hiyo kwa kawaida ilichukua miezi. Kaseti nyingi mno zilitengenezwa, na nyingi zikabaki madukani au zikarudishwa.

Hapa ndipo penye somo la biashara. Wakati mwenye kampuni yuko hai, mwenye duka anaweza kumrudishia mali isiyouzika, au angalau kumdai. Lakini zile kampuni ndogo zilizozuka kama uyoga zilianza kufa, na aliyekufa harudishiwi mzigo. Mwenye duka akabaki na rafu zimejaa kaseti zisizo na mwenyewe. Akafanya kile ambacho mwenye duka yeyote angefanya: akaleta kapu, akaliweka mlangoni, akashusha bei. Kaseti iliyokuwa ikiuzwa dola 35 au 40 ikauzwa dola 5, na nyingine chini ya hapo.

Sasa jiweke katika nafasi ya mzazi aliyeingia dukani na dola 40. Kwenye rafu ipo kaseti moja mpya, iliyotengenezwa kwa uangalifu. Mlangoni ziko nane za kapuni kwa fedha hizohizo. Mzazi hajui tofauti yake. Anaona nane ni nyingi kuliko moja. Anazibeba. Mtoto anazicheza moja baada ya nyingine, anazikuta hazina utamu, na kabla wiki haijaisha mashine nzima imetiwa chini ya kitanda. Hivyo kapu la dola 5 lilifanya mambo mawili kwa mpigo. Lilimnyima mteja yule aliyetengeneza kaseti nzuri, na likamfundisha mnunuzi kwamba michezo yote ni takataka.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1983 biashara ya michezo ya video ya nyumbani nchini Marekani ilihesabiwa kuwa na mapato ya zaidi ya dola bilioni 3. Kufikia mwaka 1985 mapato hayo yalikuwa yameanguka hadi takriban dola milioni 100. Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500 katika mwaka huo wa 1983, wafanyakazi wakapunguzwa kwa maelfu, na mwaka 1984 wenye kampuni, Warner Communications, wakaiuza sehemu ya michezo ya nyumbani. Tawi la michezo la wale wauza uji lilikuwa limekwisha kufungwa.

Na shimo? Shimo lilichimbwa Alamogordo, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la New Mexico. Mwezi Septemba mwaka 1983 malori ya Atari yalitoka ghala la El Paso, Texas, yakamwaga mizigo kwenye jalala la mji huo. Kwa muda mrefu watu walibishana kama habari hiyo ilikuwa kweli au hadithi ya vijiweni. Tarehe 26 Aprili 2014 jalala likafukuliwa mbele ya kamera, na kaseti zikaonekana: E.T., naam, na nyingine nyingi pamoja nayo. Meneja wa zamani wa Atari aliyesimamia kazi ile alisema zilizikwa kaseti 728,000. Waliofukua walitoa kama 1,300 tu.

Kisha likatokea jambo la kuchekesha. Halmashauri ya mji ilizipiga mnada mamia ya kaseti hizo, zikiwa na vumbi na harufu ya jalala, ikapata zaidi ya dola 100,000. Kitu ambacho mwaka 1983 hakikupata mnunuzi hata kwa dola chache, kilinunuliwa miaka thelathini na moja baadaye kwa mamia ya dola. Kaseti ni zilezile. Kilichobadilika ni macho ya mtazamaji.

Ndugu msikilizaji, kampuni moja ya Japani iliyatazama maafa hayo kwa makini. Nintendo ilikuwa imetoa mashine yake iitwayo Famicom mwezi Julai mwaka 1983, na ilipoipeleka Marekani kwa majaribio mwishoni mwa mwaka 1985 ilikuja na kufuli. Ndani ya mashine na ndani ya kila kaseti iliwekwa chipu ndogo. Chipu hizo zisipotambuana, mchezo haufunguki. Aliyetaka kutengeneza mchezo alipaswa kuomba kibali, na Nintendo yenyewe ndiyo iliyotengeneza kaseti. Kila mshirika aliwekewa kikomo cha michezo kwa mwaka. Mtu asingeweza tena kuamka asubuhi akalifurika soko.

Lakini mwenye kufuli huzoea kufunga kila mlango. Mwaka 1991 serikali ya Marekani pamoja na majimbo ilimaliza shauri lililodai kwamba Nintendo iliwabana wenye maduka wasishushe bei ya mashine chini ya dola 99.99. Nintendo ilikana kosa, lakini ikakubali kuwapa wanunuzi kuponi za dola 5. Kuponi hizo zilitumika kununua kaseti za Nintendo tu. Yaani mnunuzi aliyedaiwa kuonewa katika bei alipewa punguzo, na ili alipate punguzo hilo ilimpasa arudi kununua kwa yuleyule.

Kwa hiyo ndani ya miaka minane mnunuzi aliona pande zote mbili. Mwaka 1983 bei haikuwa na mwenyewe, na soko likafa. Baadaye bei ikawa na mwenyewe mmoja, na mnunuzi akabanwa. Katikati ya pande hizo ndipo ilipozaliwa njia ya tatu, ambayo sisi wa huku tunaifahamu vizuri kuliko wengi: mtumba.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Minnesota, Marekani, ilianza biashara iliyoitwa FuncoLand. Kazi yake ilikuwa kununua kaseti zilizokwisha kuchezwa na kuziuza tena. Ilichapa orodha ndefu za bei, kama zile za maduka ya kubadilishia fedha: tunanunua kwa kiasi hiki, tunauza kwa kiasi hiki. Kaseti inayotafutwa bei yake ilipanda; iliyojaa mitaani ilishuka. Mtoto aliyemaliza mchezo wake aliupeleka dukani, akaongeza dola kadhaa, akatoka na mwingine. Mwaka 2000 kampuni hiyo ilinunuliwa na Barnes & Noble, ikaingia katika ukoo wa maduka yaliyokuja kujulikana kama GameStop, ambayo kwa miaka mingi yalipata sehemu kubwa ya faida yake kutokana na michezo iliyotumika.

Wakati huohuo mashine zenyewe zilikuwa zikisafiri. Tajiri akinunua mpya, ya zamani haifi. Inahamia kwa mwenye kipato kidogo. Atari 2600 iliyouzwa dola 199 mwaka 1977 ilirudishwa sokoni mwaka 1986, ndogo na nyepesi, kwa bei ya chini ya dola 50, na utengenezaji wake haukusimamishwa mpaka mwanzoni mwa mwaka 1992. Nchini Brazili, kampuni ya Tectoy iliendelea kuuza mashine ya Sega Master System kwa miongo kadhaa, wakati kwingineko ilikuwa imekwisha kusahauliwa. Nchini Urusi, watoto wa miaka ya 1990 walikua na mashine iitwayo Dendy, ambayo ilikuwa nakala ya Famicom. Nakala za aina hiyo kutoka Asia zilifika hadi kwetu Afrika Mashariki, na wengi wa rika langu walishika pedi kwa mara ya kwanza kwenye mashine kama hizo, bila kujua kwamba ya asili iliitwaje.

Kisha ikaja PlayStation 2. Ilianza kuuzwa Japani mwezi Machi mwaka 2000, na Marekani mwezi Oktoba kwa dola 299. Kufikia mwaka 2009 bei yake huko ilikuwa imeshushwa hadi dola 99. Sony ilisitisha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013, baada ya kuuza zaidi ya mashine milioni 155, kiasi ambacho hakuna mashine nyingine ya aina yake iliyokuwa imekifikia. Ndiyo maana vibanda vyetu vilijaa mashine hizo. Zilikuwa nyingi, vipuri vilipatikana, fundi wa mtaani alizijua, na kila moja iliyoachwa na mtu wa Ulaya au Uarabuni iliweza kupata maisha ya pili hapa. Mpwa wangu asingeweza kununua hata mashine moja mpya ya siku hizi. Kwa zile tatu za mtumba amekuwa mwajiri wa nafsi yake.

Sipendi kuficha ukweli: diski nyingi zilizochezwa katika vibanda vyetu zilikuwa nakala za wizi. Hiyo ni habari nyingine, na haina utetezi. Mtumba ni kitu kilicholipiwa na mtu wa kwanza, naye akamuuzia wa pili. Mwizi wa nakala hakumlipa yeyote.

Hata hivyo watengenezaji wa michezo hawakuupenda hata mtumba halali. Hoja yao si ya kupuuza: kaseti ikiuzwa mara tano, wao wanalipwa mara moja tu. Nchini Japani walilipeleka suala hilo mahakamani, wakidai kwamba mchezo wa video ni kama sinema na kwamba wanayo haki ya kudhibiti kila unapohamia. Tarehe 25 Aprili 2002 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliwakatalia. Ilisema kwamba bidhaa ikishauzwa kihalali kwa mnunuzi, haki ya kuidhibiti isiuzwe tena imekwisha.

Mwaka 2013 vita vilirudi kwa njia nyingine. Kampuni ya Microsoft ilitangaza mashine yake mpya, Xbox One, pamoja na masharti ambayo yangeweka vikwazo katika kuuza au kuazimana diski. Wanunuzi waliwaka. Sony, mshindani wake, ikatoa filamu fupi ya kuonyesha namna ya kuazimana mchezo kwenye mashine yake: mtu mmoja anamkabidhi mwenzake diski, basi. Tarehe 19 Juni Microsoft ikarudi nyuma na kuyafuta masharti hayo.

Wanunuzi walishangilia, lakini nadhani walishangilia mapema. Mlango uliofungwa mbele ulifunguliwa nyuma. Siku hizi michezo mingi hainunuliwi kwenye diski. Inapakuliwa kwenye intaneti. Punguzo lipo, tena kubwa: asilimia 50, asilimia 75, na mnunuzi anajiona mjanja kama nilivyojiona mimi Kariakoo. Lakini mchezo huo hauwezi kuuzwa tena. Hauwezi kuazimwa kwa jirani, wala kurithiwa kwa urahisi. Na duka lenyewe laweza kufungwa. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga mauzo katika maduka ya intaneti ya mashine zake za 3DS na Wii U. Mwezi Julai mwaka 2024 Microsoft ikafunga la Xbox 360. Michezo iliyouzwa humo tu, bila diski wala kaseti, haina kapu la mlangoni wala mnada wa jalala. Mwaka huohuo wa 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa njia ya kawaida ya biashara. Anayeitaka hana budi kutafuta mtumba, kwenda kwenye maktaba maalumu, au kuiba.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Lile beseni la mlangoni Kariakoo, pamoja na kadi zake mbovu, ni ghala la kumbukumbu. Vitu vilivyomo havikutunzwa na aliyevitengeneza. Yeye ameshahamia kwenye kipya. Vinatunzwa na fundi, na muuza mtumba, na mtu kama mpwa wangu anayeomba apunguziwe. Jalala la Alamogordo lilihifadhi kaseti kwa bahati. Beseni linazihifadhi kwa sababu bado kuna mtu anazihitaji kesho asubuhi.

Kwa hiyo kwa wewe unayenunua vitu vya mashine za zamani, nakuachia mambo machache niliyofundishwa na mpwa wangu baada ya kicheko chake. Pedi ijaribiwe kabla ya kulipia, kila kitufe, na ule usukani wa kidole uachwe uone kama unarudi katikati wenyewe. Memori kadi ihifadhi mchezo, mashine izimwe, iwashwe tena, ndipo utoe fedha. Diski itazamwe kwenye mwanga. Kaseti nyingi za zamani zinazohifadhi mchezo zina betri ndogo ndani, kama ya saa, na betri hiyo hufa kwa umri; fundi anaweza kuibadilisha, ila ajue kwamba kilichokuwa kimehifadhiwa kitapotea. Na muuzaji akisema mashine haitengenezwi tena, usidhani anakutisha tu. Anakueleza kwa nini unapaswa kuitunza.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini walisema pia kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Juzi jioni nilipita kibandani. Ile kadi mbovu mpwa wangu ameiweka juu ya televisheni, wateja waione kabla hawajaenda Kariakoo kununua za kwao. Kadi nzima iko kwenye mashine ya kati, na ndani yake imehifadhiwa ligi ya mtaa mzima, msimu wa nne sasa.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, majaliwa.